Tepu Niliyoibandika Ijumaa Jioni

Kerubo mwanangu,

Sikuulizi hali yako, maana nakuona. Uko hapo barazani, umekalia kigoda cha mama yako, gurudumu la nyuma liko mapajani, na mvua inapiga mabati hivi kwamba hata nikikuita hutasikia. Mimi niko mezani karibu na dirisha. Ukigeuza shingo kidogo tu utaniona naandika. Hugeuzi. Sawa.

Kesho alfajiri unaondoka kwenda Naivasha kujiunga na hiyo timu ya baiskeli. Habari za sweta, za kutokula vitu vya njiani, za kupiga simu ukifika, mama yako amezimaliza, na kama kuna aliyoisahau ataisema akiwa jikoni, kwa sauti, mpaka majirani nao waweke akilini. Mimi sina la kuongeza hapo. Mimi nina maneno mengine, na nimeyazungusha kinywani mwezi mzima bila kuyatema wala kuyameza.

Nakuandikia kwa Kiswahili, usishangae. Ekegusii, lugha yetu, kwangu mimi kwako kimejaa kufoka. Nikifungua mdomo nikuambie neno zuri, linatoka "umetoka wapi saa hizi" au "nani amegusa koleo yangu." Kiswahili nilikijifunza shuleni kwa viboko, halafu nikakitumia pale kwenye kibanda changu cha kutengeneza baiskeli Nyakoe na wateja wanaotoka upande wa ziwa, na mteja hafokewi. Kwa hiyo nimekukalisha hapa mbele yangu kama mteja. Nivumilie.

Nakuona ukitoa ile tyubu uliyoiweka jana. Jana ulingoja jua lizame kabisa ndipo ukatoa tepu kwenye mfuko. Sijui kama ulingoja kwa ajili ya Sabato, au kwa ajili yangu, au kwa sababu tu ulikuwa na nguo za kufungasha. Nilikuwa nimesimama nyuma ya mlango wa jikoni kama mwizi, nikitazama. Ulipangusa rimu kwa spiriti ya duka la dawa, ukaipuliza, ukangoja, ukapangusa tena kwa kitambaa kingine. Ulianza mbali na tundu la valvu. Ulivuta tepu mpaka mikono ikatetemeka, ukawa unaikandamiza kwa kidole gumba hatua kwa hatua, na ilipofika mwisho ukapitiliza pale ulipoanzia. Kisha ukatia tyubu, ukapiga pampu, ukaliacha gurudumu lilale hivyo usiku wote ili tepu ishikane na chuma. Yote sawa. Yote kabisa. Na hakuna hata moja kati ya hayo nililokufundisha mimi.

Mimi nilikufundisha mengine. Nilikufundisha kuziba pancha ukiwa bado unaita spoki "popi." Nilikufundisha kunyoosha gurudumu lililopinda kwa kulisikiliza, spoki moja baada ya nyingine. Ulipoanza kupeleka ndizi sokoni kwa baiskeli yangu nyeusi, mikungu mitatu nyuma na mmoja mbele, ukapanda ule mlima wa Nyakoe bila kushuka huku wavulana wakisukuma zao, mimi ndiye niliyekuwa nikiwaambia wateja, "Huyo ni wangu. Huyo mwenye sketi." Wee! Nilijisikia mtu. Hata pikipiki zilipotumalizia kazi, hata kibanda kilipobaki na wazee wawili wa kuniletea breki zao, nilikuwa nasema potelea mbali, ninaye Kerubo.

Halafu akaja yule kocha. Unakumbuka alivyofika kibandani na kofia yake ndogo, akauliza ni nani huyo msichana aliyempita kule juu na ndizi? Akasema kuna mbio za Nyamira mpaka Kisii mjini, na kwamba ukifanya vizuri kuna nafasi moja kwenye timu. Akakuachia baiskeli kuukuu ya mbio na magurudumu yake ya akiba ya kujaribu. Mepesi! Nilipoyainua nilicheka. Na tairi zake hazikutumia tyubu; ni tepu ya ndani ya rimu iliyozuia hewa isitokee kwenye mashimo ya spoki. Akaniuliza, "Fundi, hizi za kubandika tepu unazijua?"

Nikamwambia nazijua.

Mwanangu, nilikuwa sijawahi kuzishika. Lakini ningesema nini mbele yako? Wewe ulikuwa umesimama pale na mafuta ya cheni mashavuni, unanitazama kana kwamba hakuna kitu chenye matairi ambacho baba yako hakijui. Nikasema nazijua, na kocha akaenda zake.

Ile ilikuwa Ijumaa. Unajua Ijumaa ya nyumba yetu ilivyo. Maji yachotwe, mboga ya chinsaga iive, nguo zipigwe pasi, watu waoge, kila kitu kikome kabla jua halijazama, na ole wake mtu atakayekutwa na sufuria chafu. Nimekulia humo. Marehemu mama yangu alikuwa anaweza kukuogesha kwa nguvu ukiwa mtu mzima mwenye ndevu. Basi magurudumu yakafika saa tisa alasiri, la mbele tayari lina tepu nzuri ya mwenyewe, la nyuma liko uchi, mashimo yote ya spoki yanakutazama. Ukaniambia, nakumbuka sauti yako ikiita baba kwa lugha yetu, "Tata, si tungoje kesho jua likishazama? Mbio ni Jumapili. Usiku mmoja unatosha."

Nikakujibu, "Unataka niingie Sabato na gurudumu lililo uchi ndani ya nyumba yangu?"

Ukanishikia gurudumu. Ulikuwa mtoto wa kutii wakati ule.

Nikaisafisha rimu kwa kile ninachosafishia kila kitu tangu nianze ufundi: mafuta ya taa. Cheni, mafuta ya taa. Habu, mafuta ya taa. Mikono yangu, mafuta ya taa. Sikungoja ikauke, na hata ningengoja, mafuta ya taa hayakauki kama maji, yanabaki kama utando, na tepu ukiibandika juu ya utando huo imeshikana na nini? Na tepu yenyewe ilikuwa nyembamba. Ilitakiwa kufika ukuta mpaka ukuta na kupanda kidogo pembeni. Yangu, ile niliyopewa zamani na mteja mmoja aliyekuwa anahama, ilifunika mashimo tu, kama mtu aliyevaa taulo dogo. Nikabandika mistari miwili, mmoja ukiulalia mwingine. Tundu la valvu nikalikata kwa kisu, na likachanika upande. Nikalitia mate, nikaliminya. Aki ya nani, nililitia mate.

Jua lilipogusa migomba tairi lilikuwa limevalishwa, dawa nyeupe ya kuziba matundu imo ndani, hewa imejaa. Nikakuonyesha. Likakaa hivyo Jumamosi yote bila kupungua sana, nami nikakaa kanisani nikiimba kwa sauti kubwa kuliko kwaya.

Mbio zenyewe, Jumapili, sikuziona. Nilikuwa nimekungoja Kisii mjini pale mwisho wa mbio na mama yako, amevaa kitambaa chake kipya. Walipita watu, wakapita, wakapita. Wewe hukupita. Aliyekuja alikuwa mtu wa pikipiki, akauliza baba ya msichana wa nambari yako ni nani.

Ulikuwa unaongoza. Hilo watu wote wanakubaliana. Ulikuwa unaongoza kwenye ule mteremko mrefu wa kutoka Nyamira, na kwenye kona hewa ikatoka yote kwa mara moja, tairi likaruka nje ya rimu, na wewe ukaingia kwenye mtaro wenye mawe. Mtulinga ukavunjika. Meno mawili. Shavu lako, hilo la upande wa dirisha ambalo natazama sasa hivi. Nafasi ya timu ikaenda kwa mwingine, na kocha hakupiga simu msimu ule wala uliofuata.

Sasa nafika kwenye lile ambalo wewe unalijua na mimi nalijua na hatujawahi kulisema tukiwa wawili.

Sabato iliyofuata, watu walinizunguka nje ya kanisa kunipa pole. Mama mmoja wa kwaya akasema, "Lakini mzee, si huyu ndiye tunakutana naye barabarani Sabato amevaa kaptura? Mungu si kipofu." Wengine wakaguna. Ni kweli ulikuwa umewahi kufanya mazoezi Sabato, mara chache, na mimi nikafoka. Lakini mimi ni mzee wa kanisa, na ni fundi, na moyoni tayari nilikuwa najua. Nilikuwa nimeiona rimu hospitalini, imeegemezwa ukutani, tepu imekunjamana upande mmoja kama soksi iliyolegea. Nilijua. Neno moja lingetosha: "Hapana, ni kazi yangu mbaya." Sikulisema. Niliinamisha kichwa, nikasema, "Mungu ndiye anajua." Wakaelewa nimekubali. Ikatembea kutoka hapo mpaka sokoni kwamba binti wa fundi ameangushwa kwa kuvunja Sabato, na hata baba yake mwenyewe amekiri.

Ulipotoka hospitali, mkono kwenye kitambaa, ulikuta habari imefika nyumbani kabla yako. Hukulia. Ulienda kwenye lile gurudumu, ukang'oa tepu kwa mkono mmoja na meno yaliyobaki, ukaja kuiweka hapa mezani, hapa hapa ninapoandikia, karibu na sahani yangu ya chakula. Ukasema, "Tata, inuse." Sikuinusa. Ukasema, "Hii si dhambi. Hii ni mafuta ya taa."

Mama yako aliacha kutafuna. Mimi nikaendelea kula. Naapa nilikuwa sisikii ladha ya kitu chochote, lakini niliendelea kula mpaka sahani ikaisha, na wewe ukasimama pale ukinitazama mpaka nikamaliza.

Tangu siku hiyo hujanivunjia heshima hata mara moja. Unanisalimia. Unaniletea chai. Ukiulizwa na watu unasema, "Tata yuko salama." Afadhali ungenitukana! Mtu anayekutukana bado ana kesi na wewe. Ile baiskeli ya mbio, ambayo kocha hakuirudia, umeitoa kibandani ukaihamishia chumbani kwako, na ikiwa na tatizo unapanda gari mpaka Kisii mjini kwa vijana wa pale, ukipita mbele ya kibanda changu umeshika gurudumu mkononi. Unanipungia mkono. Mimi napunga. Wale wazee wangu wawili wanatazama chini.

Nilifanya kitu cha kijinga, nikuambie. Niliagiza tepu Nairobi, ya upana unaofaa, ikaja na gari la vifurushi. Nikatafuta rimu kuukuu ya kufanana na ile, nikawa najifunza mwenyewe pale kibandani mchana wakati hakuna mtu, na siku hizi hakuna mtu mchana wote. Nilibandika, nikang'oa, nikabandika. Niligundua tundu la valvu halikatwi kwa kisu, linachomwa kwa ncha ya spoki iliyopashwa moto, ili litoke la mviringo lisichanike. Nimefika mahali naweza kubandika tepu ikakaa bila kiputo hata kimoja, laini kama kucha ya mtoto. Nikifika hapo naifunika kwa gunia. Nani ataniletea? Nyakoe nzima hakuna gurudumu la namna hiyo isipokuwa lako.

Halafu kocha akapiga simu tena, kama vile mtu anayerudi kuchukua mwavuli. Ana nafasi. Nikaona uso wako, na nikajua ni nyumba hii unayoikimbia, wala si Naivasha unayoifuata.

Nikaapa. Nikasema kwamba Sabato yako ya mwisho hapa, yaani jana, nitasimama mbele ya kanisa niseme kwa kinywa changu kwamba mtoto wangu hakuangushwa na Mungu, aliangushwa na baba yake, kwa haraka na kiburi na mafuta ya taa. Nilimwambia mama yako. Naamini ndiye aliyekunong'oneza, kwa sababu ulikuja. Hukuwa umekanyaga kanisa hilo tangu uanguke, na jana ulikuja, ukakaa benchi la nyuma kabisa, umevaa lile gauni la kijani, mikono mapajani.

Nilisimama. Hilo angalau uliliona. Nilitembea mpaka mbele, nikashika meza. Nikawaona wote: mama wa kwaya, wazee wenzangu, watoto. Nikakuona wewe umeinua kidevu. Maneno yalikuwa hapa, kwenye ulimi. Nikafungua kinywa.

Nikatangaza zamu ya kufyeka nyasi za kanisa.

Nilitaja majina, mwanangu. Nilisema walete mapanga yaliyonolewa. Kisha nikarudi kukaa, na sikuthubutu kugeuka. Nilipogeuka benchi lilikuwa tupu.

Mimi ni mtu wa namna gani? Nimejiuliza tangu jana. Ningetamani kukuandikia kwamba Sabato ijayo nitasimama tena. Lakini najijua sasa, na wewe hutakuwepo, na kama nilishindwa ukiwa unanitazama, nitaweza vipi kukiwa hakuna wa kunitazama? Sitaki kukuahidi. Nimekuahidi vya kutosha siku ile niliposema nazijua.

Nakuona umetia valvu. Umevalisha tairi. Sasa unapiga pampu kwa nguvu, na huo mlio, pa, pa, wa tairi likikaa mahali pake, nimeusikia hata juu ya mvua. Unanitazama. Ni mimi kweli unanitazama? Unaita. Ngoja.

Nimerudi. Wino umepakaa kidogo, mikono ina maji.

Unajua ulichoniitia, lakini wacha nikiandike, kwa sababu nataka ukisoma huko ujue na upande wangu ulivyokuwa. Ulisema, "Tata, niletee karai la maji ya sabuni." Basi. Karai. Nikakimbia jikoni kama kijana, nikamgonga mama yako bega, nikaleta. Ukaniambia nikushikie. Nikapiga goti, nikashika karai kwa mikono miwili, na wewe ukalizungusha gurudumu polepole, ukilichovya, ukilisogeza. Hatujawahi kukaribiana hivyo tangu utoke hospitali. Niliona mshono wa shavuni kwa karibu.

Mimi nilikuwa natazama maji. Jicho la fundi, unalijua, linatafuta povu dogo linalopanda. Na Mungu anisamehe, Kerubo, nilikuwa naliomba. Nilikuwa naomba povu moja tu. Moja, pale kwenye valvu, ili niseme, "Hapa, mwanangu, wacha nikuonyeshe," ili nikuletee ile tepu yangu kutoka kibandani, ili kabla hujaenda mikono yangu iwe imekufanyia kitu kimoja kilicho sawa. Gurudumu ambalo utashukia milima, maisha yako yako juu yake, na baba yako amepiga goti anaomba livuje.

Ukasema bila kuinua macho, "Jana nilidhani utasema."

Nikasema, "Hata mimi nilidhani."

Ukalizungusha mzunguko mzima, kisha mwingine. Maji yalitulia. Hapakuwa na povu.

"Limeshika," ukasema. Ukalifuta kwa kitambaa, ukalifunga ndani ya blanketi pamoja na la mbele, ukakaza kamba mwenyewe. Nilinyoosha mkono nisaidie fundo, ukasema "asante, tata, nimemaliza," kwa heshima, kwa ile heshima yako. Ukaingia kuoga. Nikamwaga maji.

Hutaki niguse magurudumu, na una haki. Kesho gari likifika, uyashike mwenyewe. Mimi nitabeba begi la nguo.

Ni mimi, baba yako.